Marie Curie: aliwafundisha wenzake kujikinga na mionzi, akajisahau mwenyewe

Kila tunapogusia vipimo vya hospitali katika vipindi vyetu vya afya, kuna swali ambalo halikosi. Mgonjwa ametumwa hospitali kubwa ya mjini, amepewa dawa yenye mionzi, kisha amerudi kijijini na maagizo kwamba kwa muda fulani asiwapakate watoto wadogo. Nyumba nzima inaingia hofu. Wapo wanaodhani ugonjwa wake unaambukiza, na wapo wanaomhamishia banda la uani. Wazazi wenye kijana anayetaka kusomea kazi hiyo nao wana swali lao: mtu anayeshika dawa za mionzi kila siku ataishi muda gani? Atapata watoto?

Maswali hayo yana majibu, lakini majibu yenyewe yalipatikana kwa gharama kubwa. Watu waliyalipia kwa ngozi zao, macho yao na damu yao. Anayejulikana zaidi kati yao ni Marie Curie, mwanasayansi aliyefariki mwaka 1934. Leo tunasimulia maisha yake, kisha tutarudi kwenye maswali yenu.

Binti wa mwalimu

Alizaliwa Warsaw tarehe 7 Novemba 1867, akaitwa Maria Skłodowska. Alikuwa kitinda mimba katika watoto watano. Wakati huo Poland haikuwa nchi huru. Warsaw ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na watoto wa Kipoland walilazimishwa kusoma kwa Kirusi. Baba yake alifundisha fizikia na hisabati, na mama yake alikuwa mkuu wa shule ya wasichana.

Msiba uliingia mapema katika nyumba hiyo. Dada yake mkubwa alikufa kwa homa, kisha kifua kikuu kikamchukua mama yao, Maria akiwa na miaka 10.

Shuleni alifaulu vizuri kuliko wenzake, lakini chuo kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Hapo ndipo yeye na dada yake Bronia walipofanya mapatano ambayo familia nyingi za kwetu zinayajua. Bronia atangulie Paris kusomea udaktari, na Maria abaki akifanya kazi ya kufundisha watoto katika nyumba za matajiri ili amtumie ada. Bronia akishasimama, atamvuta mdogo wake. Maria alifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Mwishoni mwa mwaka 1891 alipanda treni kwenda Ufaransa.

Paris alipanga chumba kidogo cha juu kabisa ya ghorofa, chenye baridi kali, na mara nyingi mlo wake ulikuwa mkate na chai. Mwaka 1893 aliongoza katika mtihani wa shahada ya fizikia. Mwaka uliofuata alishika nafasi ya pili katika hisabati. Mwaka huohuo wa 1894 alikutana na mwanasayansi Mfaransa, Pierre Curie. Walioana Julai 1895, na tangu hapo dunia ikamjua kwa jina la Marie Curie.

Banda linalovuja

Miezi michache baada ya harusi hiyo, Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua mionzi inayopita ndani ya mwili na kuonyesha mifupa. Ndiyo eksirei tunayoijua hospitalini. Mwaka 1896 Mfaransa Henri Becquerel akagundua kwamba madini ya urani hutoa mionzi yenyewe, bila kuchochewa na umeme wala jua.

Marie aliamua kulichunguza jambo hilo la pili. Akipima jiwe moja jeusi linaloitwa pechiblendi, ambalo lina urani ndani yake, aliona linatoa mionzi mingi kuliko urani yenyewe ingeweza kutoa. Akakata shauri kwamba ndani ya jiwe kuna kitu kingine ambacho bado hakijajulikana. Pierre aliacha utafiti wake akajiunga naye. Julai 1898 walitangaza elementi mpya, wakaiita poloniamu kwa heshima ya Poland. Desemba mwaka huohuo walitangaza ya pili, radiamu.

Wanasayansi wengine walitaka kuiona radiamu kwa macho, na hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza. Marie na Pierre walipewa banda la zamani lenye paa la vioo lililovuja mvua iliponyesha. Mabaki ya pechiblendi yaliletwa kwa magunia kutoka migodi ya Joachimsthal, mji ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Marie aliyachemsha kwenye masufuria makubwa, akikoroga kwa fimbo ya chuma yenye urefu uliokaribia kimo chake. Tani kadhaa za mawe zilipita mikononi mwake. Kufika mwaka 1902 alikuwa amepata sehemu moja ya kumi ya gramu ya radiamu. Ni kidogo kuliko chumvi unayobana kwa vidole viwili.

Wangeweza kuilinda njia yao kisheria wakatajirika. Hawakufanya hivyo. Waliieleza wazi kwa yeyote aliyetaka kuitumia.

Moto usiounguza papo hapo

Usiku walikuwa wakirudi bandani kuangalia vichupa vyao, kwa sababu vilitoa mwanga hafifu gizani. Waliona ni kitu cha kupendeza. Hawakujua kuwa kilikuwa kikiwadhuru.

Mionzi ya aina hii haionekani, haina harufu, na inapopita mwilini huihisi. Mtu akishika kaa la moto hulitupa hapohapo. Aliyeshika radiamu huendelea na kazi, na kidonda hutokea siku kadhaa baadaye. Mionzi ikiwa mingi huharibu seli za mwili, hasa zile zinazozaliana haraka, kama za ngozi na za uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa.

Becquerel alibeba kichupa cha radiamu mfukoni, akapata jeraha la moto kifuani. Pierre alijifunga radiamu mkononi kwa makusudi, kwa saa kadhaa, ili aone itakuwaje. Alipata kidonda kilichochukua zaidi ya mwezi kupona. Ncha za vidole vya Marie zilikuwa ngumu na zenye nyufa. Wote wawili walichoka mno, na miguu ya Pierre ilikuwa ikimuuma sana.

Jeraha hilohilo liliwapa madaktari wazo. Kama radiamu inaunguza ngozi nzima, basi inaweza kuunguza na uvimbe wa saratani. Hivyo ndivyo matibabu ya saratani kwa radiamu yalivyoanza.

Mwaka 1903 Marie, Pierre na Becquerel walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwanzoni jina la Marie halikuwemo. Pierre alipopata habari aliandika kudai kazi ya mkewe itambuliwe, ndipo akaingizwa. Hawakwenda Stockholm kwa wakati, kwani afya zao zilikuwa mbaya. Walifika huko mwaka 1905.

Tarehe 19 Aprili 1906, siku ya mvua, Pierre aliteleza barabarani jijini Paris, gari la kukokotwa na farasi likamkanyaga, akafa papo hapo. Marie alikuwa na miaka 38, mjane mwenye mabinti wawili: Irène wa miaka 8 na Ève ambaye alikuwa bado mchanga. Chuo kikuu kilimpa nafasi ya mumewe, na akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa hapo Sorbonne. Mwaka 1911 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimkatalia uanachama. Mwaka huohuo akapata Tuzo ya Nobel ya pili, ya kemia. Mpaka leo hakuna mtu mwingine aliyeipata tuzo hiyo katika fani mbili tofauti za sayansi.

Magari ya eksirei vitani

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, majeruhi walikuwa wakifa kwa sababu madaktari hawakujua risasi na vipande vya mabomu viko wapi mwilini. Mashine za eksirei zilikuwa mijini, mbali na uwanja wa vita. Marie alichangisha fedha na magari, akafunga mashine ndani yake, na injini ya gari ikawa ndiyo inayozalisha umeme. Alijifunza kuendesha gari na kusoma maumbile ya mwili wa binadamu. Yapatayo magari 20 yalikwenda mstari wa mbele, na vyumba 200 hivi vya eksirei vilifunguliwa katika hospitali za vita. Irène alijiunga na mama yake akiwa na miaka 17.

Marie alifundisha wanawake wapatao 150 kupiga picha hizo. Hao ni miongoni mwa mabibi wa kazi ya leo, yaani watu wasio madaktari lakini wanaoijua mashine, mionzi na mgonjwa. Walifanya kazi kwa saa nyingi, na kinga waliyokuwa nayo ilikuwa ndogo sana.

Mganga hajigangi

Baada ya vita radiamu ilikuwa ghali kuliko dhahabu. Mwaka 1921 Marie alisafiri kwenda Marekani, ambako Rais Harding alimkabidhi gramu moja iliyonunuliwa kwa michango ya wanawake wa nchi hiyo, kama dola 100,000. Miaka iliyofuata bei ilishuka, kwa sababu Ubelgiji ilianza kutoa radiamu nyingi kutoka kwenye mawe ya Shinkolobwe, huko Katanga, Kongo.

Umaarufu wa radiamu ulileta upumbavu pia. Wafanyabiashara waliiuza kama dawa ya nguvu na mafuta ya kujipaka. Huko New Jersey, Marekani, wasichana waliajiriwa kupaka rangi ya radiamu kwenye saa ili namba zing'ae gizani. Walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Radiamu ikiingia tumboni huenda kukaa kwenye mifupa, kwa maana mwili huichukulia kama kalisi. Wasichana hao walioza mataya, na wengi wao walikufa.

Katika taasisi ya Marie jijini Paris, sheria zilianza kuwekwa. Wanafunzi walitakiwa kushika vichupa kwa koleo, wakae nyuma ya ngao za risasi, madini mazito yaleyale yanayowekwa kwenye betri za gari, na wapimwe damu mara kwa mara. Marie alisisitiza hayo kwa wengine. Yeye mwenyewe aliyapuuza mara nyingi. Alikuwa amezoea. Alishika radiamu tangu siku ambazo hapakuwa na sheria yoyote, na aliona angali hai.

Lakini macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, akapasuliwa zaidi ya mara moja. Nguvu zilimwisha. Tarehe 4 Julai 1934 alifariki katika hospitali ya milimani Ufaransa, akiwa na miaka 66. Uboho wa mifupa yake ulikuwa umeshindwa kutengeneza damu. Mwaka 1995 mwili wake ulipohamishiwa Panthéon, mahali Ufaransa inapozika mashujaa wake, wataalamu waliupima. Waliona radiamu haikuwa nyingi kama ilivyodhaniwa, wakasema huenda eksirei za wakati wa vita ndizo zilizomdhuru zaidi.

Alichokiona kabla ya kufa

Januari 1934 Irène na mumewe Frédéric Joliot waligundua namna ya kutengeneza vitu vya mionzi ambavyo havipatikani ardhini. Marie aliwahi kuona ugunduzi huo. Mwaka 1935 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel.

Umuhimu wake kwa mgonjwa wa leo ni mkubwa. Radiamu huchukua miaka kama 1,600 ili nguvu yake ipungue nusu. Huwezi kumwachia mgonjwa kitu kama hicho ndani ya mwili. Vitu vinavyotengenezwa na binadamu vinaweza kuchaguliwa vile vinavyoisha haraka. Kimoja kinachotumika sana leo kupiga picha za mifupa, moyo na figo ni aina ya teknesiamu. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo siku moja baadaye imebaki sehemu moja ya 16. Kingine ni iodini ya mionzi, ambayo hupungua nusu kwa siku 8. Tezi ya shingo hupenda iodini, ndiyo maana tunaitia kwenye chumvi. Tezi huivuta iodini hiyo ya mionzi, na mionzi hufanya kazi palepale penye ugonjwa.

Hiyo ndiyo tiba ya nyuklia. Tanzania hutolewa, kwa mfano, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, na kazi ya kusimamia usalama wa mionzi nchini ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki.

Mtaalamu wa leo hujikinga vipi?

Anayeandaa na kudunga dawa hizi hufanya yale ambayo Marie hakuyafanya. Kifuani amebandika kidude kidogo kinachohesabu mionzi aliyoipata, na kidoleni huvaa pete ya kazi hiyohiyo. Vidude hivyo husomwa kwa vipindi na matokeo huandikwa. Dawa huipima nyuma ya ngao ya risasi, na bomba la sindano hulivika ganda zito. Jioni hupima mikono, viatu na meza kwa mashine, asije akaenda nyumbani na tone la dawa.

Kinga yake ina nguzo tatu: muda, umbali na kizuizi. Fikiria moto wa kuni. Ukikaa muda mfupi hupati joto jingi. Ukiweka ukuta kati yenu, joto linapungua. Na ukisogea mbali, linapungua haraka: kwa chanzo kidogo cha mionzi, ukizidisha umbali mara mbili mionzi inabaki robo, na ukizidisha mara tatu inabaki sehemu moja ya tisa. Hatua mbili za kurudi nyuma zina thamani kubwa.

Mionzi hupimwa kwa milisiveti. Sisi sote, hata ambao hatujawahi kufika hospitali, hupata wastani wa kama milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye udongo, hewa, chakula na anga. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Taratibu zikifuatwa, wengi wao hupata chini sana ya hapo. Kiwango hicho ni kidogo mno kuliko kile kinachoharibu uzazi wa mwanamume au mwanamke. Mfanyakazi akishika mimba atoe taarifa mapema apangiwe kazi nyingine, kwa kuwa kikomo cha mtoto aliye tumboni ni kidogo zaidi.

Na mgonjwa aliyerudi nyumbani?

Ugonjwa wake hauambukizi kwa sababu ya dawa hiyo. Kilichopo ni dawa inayopungua yenyewe na kutoka hasa kwa mkojo. Anywe maji mengi kama alivyoagizwa, amwage maji chooni na anawe mikono vizuri. Watoto wadogo na wajawazito ndio wa kukaa naye mbali kidogo, kwa muda alioambiwa. Baada ya picha ya kawaida muda huo ni mfupi, mara nyingi saa chache. Aliyepewa iodini ya matibabu anaweza kuagizwa siku kadhaa, alale peke yake na atumie vyombo vyake. Muda ukiisha, maisha yanaendelea, hakuna sababu ya kumtenga.

Mwanamke mjamzito, anayehisi ana mimba, au anayenyonyesha, aseme kabla hajapewa dawa. Baada ya sindano ni kuchelewa. Na asiyeelewa maagizo aulize tena kabla ya kuondoka hospitalini, na aombe aandikiwe.

Kwa wazazi wenye kijana anayeitaka kazi hii, tunasema msimzuie kwa hofu. Mwambieni aulize mahali atakapofanya kazi: je, nitapewa kidude cha kupima, na nitaonyeshwa matokeo yake? Ngao zipo, na zinatumika? Hatari kubwa ya kazi hii huanza siku mtu anapoacha kidude kwenye droo na kudunga bila ganda kwa sababu ana haraka, au kwa sababu amefanya hivyo miaka mingi na hajaumwa. Hata Marie Curie aliifikiria hivyo.

Madaftari yake yamehifadhiwa Paris ndani ya masanduku ya risasi. Bado yanatoa mionzi, na anayetaka kuyasoma hutia saini kwanza kwamba anaijua hatari.